Habari Iliyowatangulia Wajumbe

Mama zangu, dada zangu, na ninyi baba watatu mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka, nawasalimu. Wenyeji wetu, ejok. Wa kutoka Congo na Burundi, amani iwe kwenu. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na kwa sababu ananijua ameweka saa yake juu ya meza. Dada, hiyo saa ifunike kidogo. Leo nina jambo moja tu, likiisha nitakaa chini.

Wengi mmeniona hapa Kakuma na simu ndogo ya vibonye, hii ya mulika mwizi, na mmenicheka. Mmoja aliniuliza kama mshahara wa serikali umekwisha. Nikacheka naye. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nimechoka kuficha. Sitamtaja mtu kwa jina, maana wenye msiba wako hai, na msiba wenyewe bado wanaishi nao.

Mimi nilizaliwa magharibi, kwenye mvua na migomba, nikaletwa Lodwar na kazi ya ofisi. Nimekaa pale miaka kumi na moja. Mtu wa mbali akifika Lodwar hana shangazi, hana mjomba, hana hata wa kumgongea akiumwa na kichwa. Ndiyo sababu sisi watumishi na wafanyabiashara wa kutoka nje tulikuwa na chama cha kufa na kuzikana. Mimi nilikuwa katibu.

Chama kilikuwa na sheria moja niliyoikuta. Mtu akifiwa, haambiwi kwa simu. Watu wa nyumbani wanampigia katibu. Katibu anachagua watu wazima wawili, mwanamume na mwanamke, wanapanda pikipiki na kumfuata aliko, hata kama ni mpakani na Uganda. Wakifika wanasalimu, halafu wanaomba chai. Hata kama hawana kiu, wanaomba. Mwenye msiba anaipika mwenyewe, na huku anapika anaanza kujiuliza, hawa wamefuata nini huku? Moyo unaanza kujitayarisha. Chai ikiisha, mmoja anasema na mwingine anamshika mkono. Na mpaka hao wawili walete neno kwamba wameketi naye, hakuna mtu wa kuandika chochote mahali popote.

Ni sheria nzuri. Mimi niliipenda sana, nilikuwa naieleza kwa wageni kama ya kwangu.

Sasa niwaambie habari za simu yangu. Ofisini tulikuwa na grupu tatu kwenye ile programu ya kijani. Kanisa lilikuwa na nne, kwaya ikiwemo. Watu wa nyumbani walipenda ile ya buluu. Wakubwa walihamia ile yenye ndege ya karatasi, wakasema ni ya siri. Kulikuwa na meseji za kawaida, barua pepe, na ile ya video ambayo dada yangu hutumia hata kuniuliza kama nimekula. Jumapili nikiwa kanisani, mkubwa anaandika. Nikiwa bafuni, anaandika tena. Na mimi nilikuwa najibu! Nisiwadanganye, nilijisikia mtu muhimu. Walinipa jina la Redio, na badala ya kukasirika nilivimba kichwa.

Hata hivyo nilichoka. Ujumbe wa mtu mmoja unautafuta mahali sita. Ndipo nikapata programu inayokusanya zote mahali pamoja. Kijani, buluu, ndege, meseji, vyote vinaingia orodha moja, cha karibuni kinakaa juu. Nikasema Mungu ametukumbuka. Niliwaonyesha watu pale ofisini, nikawaambia wanaishi zamani.

Ndugu zangu, naomba mnisikilize hapa.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, dada mdogo kwangu kwa umri, tuliyetoka naye upande mmoja. Mimi ndiye niliyempokea Lodwar, akalala kwangu wiki tatu kabla ya kupelekwa kufundisha Namoruputh. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka mitano, amemwacha kwa bibi yake nyumbani, akingoja nyumba ya walimu iezekwe ndipo amlete. Namoruputh shuleni hapana mtandao. Mtandao uko kwenye kilima nyuma ya shule. Kwa hiyo kila siku saa nne, watoto wakitoka kwenda mapumziko, mwalimu alipanda kilima, simu ikaamka, na sauti ya mtoto ikaingia. Bibi alikuwa anamrekodi asubuhi akisema chochote kile.

Siku hiyo nilipigiwa saa moja na nusu asubuhi. Mtoto alishikwa na malaria, homa ikampanda, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Bibi alikuwa na namba ya mwanawe na hakumpigia. Alifuata utaratibu wetu. Alinipigia mimi, mtu asiyemjua kwa sura, akaniambia, "Mama, nakuachia mtoto wangu. Umwambie vizuri."

Saa mbili wawili walikuwa barabarani. Mzee mmoja wa kanisa letu, na mama mmoja mkunga. Niliwachagua vizuri, hapo sikukosea. Halafu nikaenda ofisini, nikaanza kuandika tangazo ili liwe tayari. Niliweka na picha ya mtoto, ile aliyovaa gauni la njano. Nilitaka kulipeleka kwa kamati tu, watu watano, walisome wakae nalo. Sheria ilikataza hata hilo, lakini nikajiambia kamati ni sisi wenyewe. Nikafungua ile orodha. Kamati ilikuwa juu kabisa. Nikashusha kidole.

Kidole kikiwa hewani, ujumbe mwingine ukaingia kutoka kwingine. Orodha ikasogea chini hatua moja. Mahali palipokuwa na kamati pakakaa grupu ya walimu wote wa Loima, wa Namoruputh wakiwemo. Nikabonyeza, tangazo likaenda, na mimi sikutazama lilikokwenda. Nilikuwa nimeshahamia kumjibu mkubwa kuhusu viti vya mkutano.

Viti, jameni.

Niligundua baada ya robo saa. Nilifuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikuwa wameshaandika pole, wameshapeleka picha kwingine, mishumaa na malaika wa kuchora vimejaa. Nikawapigia wajumbe wangu. Barabara ile, ukishapita Lorugum, simu ni kipande cha chuma tu. Hawakupatikana.

Saa nne mwalimu alipanda kilima kusikia sauti ya mtoto wake.

Zilianza kuingia pole. Pole mama. Pole sana mwalimu. Hakujua ni pole ya nini. Aliniambia baadaye kwamba alitabasamu kwanza, akafikiri ni ile homa yake ya wiki iliyopita. Picha haikuwepo kwenye tangazo langu tena, ila mtu alikuwa ameirudisha na mshumaa pembeni. Hapo ndipo alipoiona. Alikuwa peke yake kule juu, na wanafunzi wanacheza mpira chini.

Wajumbe wangu walimkuta barabarani, mbali na shule. Alikuwa anatembea kuja Lodwar kwa miguu, hana viatu, hana maji, simu mkononi. Mnalijua jua la saa tano huku, mnajua mchanga unavyokuwa. Mzee alishuka kwenye pikipiki, akavua kofia, akafungua mdomo. Mwalimu akamwambia, "Msiseme. Nimeshasoma."

Nyayo zake zilichubuka zote mbili. Alisafirishwa kwenda kuzika akiwa amefungwa bandeji, akakaa kwenye kiti kando ya kaburi kwa sababu hakuweza kusimama. Mimi sikwenda. Nilisema nina kazi.

Na si hilo tu. Mzee aliporudi alikuja ofisini kwangu, vumbi bado kwenye nyusi. Akaniambia, "Katibu, nimetoka kumbeba yule binti mikononi. Nataka tu kujua. Ilikuwaje?" Nikamwambia simu ilijituma yenyewe. Nikamwambia programu ina kasoro, mtandao ulichanganya, nikaongea maneno mengi ya kitaalamu ambayo hata mimi siyajui. Yeye akanitazama, akasema sawa, akaondoka. Hajawahi kuniuliza tena. Hiyo sawa yake imenila kuliko matusi yote niliyotukanwa.

Na nilitukanwa. Nilitolewa ukatibu kwa kauli moja. Nilikuwa nafungua programu moja baada ya nyingine kusoma wanasema nini juu yangu. Nikimaliza ya kijani naenda ya buluu, nikimaliza ya buluu narudi kijani. Niliacha kupika. Nguo zikaanza kunipwaya. Kazini niliharibu barua mbili za mkubwa, mwishowe wakanihamishia huku Kakuma, na nilishukuru kwa sababu huku hakuna aliyenijua.

Tena nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Nilimwomba mwalimu msamaha kwa simu. Nilimwandikia kwenye kijani, kimya. Nikaenda buluu. Nikaenda meseji. Niliandika asubuhi, mchana, jioni, kila mahali alipowahi kuwa na jina. Nikarekodi hata sauti, nalia humo ndani. Zote zilikaa na alama moja, hazifiki. Nikasema amenifungia, na nikaanza hata kumkasirikia. Ndiyo, nilimkasirikia yeye! Binadamu ni kitu cha ajabu.

Mama mmoja aliyekaa humu ndani leo, wa kutoka Congo, mwenye kashamba kake ka mchicha kule Kalobeyei, ndiye aliyenikamata. Atajijua. Baada ya ibada alinikuta nyuma ya kanisa naandika. Akaniuliza ninamwandikia nani kila Jumapili na machozi. Sijui kwa nini nilimwambia. Nikamwambia yote, hata ule uongo wa mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Weye mama, ulituma simu yende kuomba musamaha? Simu iko na magoti?"

Nikaiweka simu mfukoni.

Akaniambia, "Bwana yangu alikufa kule kwetu. Mutu moja alitembea siku tatu kuja kuniambia. Angeweza kuogopa, njia ilikuwa mubaya. Alifika, akakaa chini, akaniambia macho kwa macho. Habari ilikuwa mubaya, lakini ile mutu ninamushukuru mupaka leo." Halafu akachukua kapu lake akaenda zake. Huyu mama hana maneno mengi.

Nilikaa wiki mbili nikitafuta visingizio. Vikaisha. Nikaomba ruhusa kazini, nikashuka Lodwar. Kwanza nilikwenda kwa yule mzee, nikamwambia kidole kilikuwa changu, na sikutazama. Akasema, "Nilijua, binti yangu. Nilikuwa nangoja ulijue wewe." Kisha nikatafuta pikipiki ya Namoruputh.

Mwalimu alikuwa amerudi kufundisha. Aliniona kutoka mlangoni mwa nyumba yake, hakuja kunipokea, hakunifukuza. Nilipiga magoti pale pale kwenye changarawe. Akasema, "Inuka, unachafua nguo." Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Akasema, "Mimi sitaki hiyo kwanza. Ingia ndani. Omba chai."

Sikuelewa.

"Omba chai," akasema, "kama mlivyotakiwa kuomba."

Basi nikaomba. Akawasha jiko, akapika mwenyewe, mgongo amenigeuzia, na nikaona mabega yake yameanza kutetemeka sufuria ikiwa bado haijachemka. Tulikunywa. Sijawahi kunywa kitu kigumu namna hiyo. Ilipoisha akaweka kikombe chini, akanyoosha mikono yake miwili juu ya meza. Akasema, "Haya. Niambie."

Ndugu zangu, nilimwambia. Nilimshika mikono nikamwambia nimekuja na habari nzito kutoka nyumbani, mtoto wetu aliugua homa, bibi yake alikuwa naye, alimpakata mpaka mwisho, na ametuacha. Nilimwambia kana kwamba ni asubuhi ile. Na yule mwanamke ambaye watu walisema hakulia kaburini, alilia. Alilia mpaka majirani wakaja, nao wakaketi nje bila kuuliza kitu.

Alipotulia aliinuka, akatoa simu yake kubwa chini ya nguo kwenye sanduku. Alikuwa ameizima siku ileile, na hajaiwasha tena. Ndiyo maana samahani zangu hazikufika. Akasema, "Humu ndani kuna sauti zake zote. Na kuna moja sijaisikia. Iliingia siku moja kabla, nikasema nitaisikiliza kesho, nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Lakini nikiwasha nakutana na pole zenu kwanza. Siwezi kupita kwenye zile pole." Akanisukumia ile simu. "Wewe unajua mambo haya. Toa kila kitu. Niachie sauti tu."

Mimi! Alinipa mimi.

Tuliichaji kwenye sola ya shule. Hapana mtandao pale bondeni, kwa hiyo hakuna kipya kingeingia kunisogezea orodha. Nilianza mchana. Nilifuta grupu moja moja. Nilifuta mishumaa, malaika, picha ya gauni la njano mara kumi na kitu. Nilifuta programu ya buluu, ya ndege, ya video. Kabla ya kila kubonyeza nilisoma jina kwa sauti, naye akasema ndiyo, ndipo nikabonyeza. Kidole nilikishikilia kwa mkono mwingine. Kosa moja pale, na mtoto angekufa mara ya pili, na safari hii mimi ndiye ningekuwa nimemuua. Jua lilikuwa limelala tulipomaliza. Ikabaki programu moja, na ndani yake jina moja, la bibi.

Nilimrudishia, nikatoka nje, nikakaa mbali. Haikuwa yangu kusikia. Baada ya muda alikuja akakaa karibu nami, akasema, "Alikuwa anahesabu. Amefika ishirini na tisa, akarukia hamsini."

Hajawahi kuniambia amenisamehe. Sijamuuliza. Mwezi uliopita alinipigia kuuliza bei ya mafuta ya taa huku, na tukaongea dakika mbili, na hilo kwangu ni kubwa.

Niliporudi Kakuma nilimwambia mkubwa wangu kwamba kazi itanipata kwenye kompyuta ya ofisi saa za kazi, na dharura itanipata kwa kupigiwa, namba moja. Alinung'unika. Nikatoka kwenye grupu zote. Wengine walisema nina maringo, wengine hawakugundua kwamba nimetoka. Dada yangu sasa ananipigia kuuliza kama nimekula. Nimekula, naanza kunenepa, mnaniona.

Chama kimeweka simu moja ya vibonye, anakaa nayo yule mama mkunga. Habari za misiba zinaingia hapo tu. Ukatibu sikurudishiwa, na sikuomba. Lakini mzee magoti yake yamechoka na pikipiki, na chama kilipotafuta wa kumsaidia upande huu wa Kakuma, yeye alitaja jina langu. Kwa hiyo sasa mimi ni mmoja wa wale wanaotumwa.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru mzee kwa kungoja. Mama wa Congo, usijifiche nyuma ya kitambaa, nakushukuru. Mwalimu hayuko hapa, na shukrani zake sitazituma, nitampelekea.

Sisemi mtupe simu. Wengi humu ndugu zenu mmoja yuko Uganda, mwingine Australia, na simu ndiyo kijiji chenu. Zipunguzeni mpaka mjue mnaongea na nani. Na neno zito msiliandike, libebeni wenyewe.

Ombi langu la mwisho ni hili. Siku mkituona watu wawili tunapita na pikipiki, hatucheki, hatusimami dukani, tuacheni tupite. Msiulize tunakwenda kwa nani, na msimwandikie mtu kwamba mmetuona. Kule tunakokwenda kuna mama anafua nguo za watoto wake, na anaimba. Mwacheni amalize kufua.